Boli Tano kwa Ova Moja? Mrushaji Mdogo, Anza na Moja Kwanza

Cousin yangu ana miaka 16 na anarusha boli ya kriketi kwa spidi kali. Mwezi jana, kwa mechi ya kirafiki, alipigwa mikimbio 22 kwa ova moja. Kama hufuatangi kriketi, ova ni boli sita, na boli ikipigwa ikatoka nje ya uwanja bila kugusa chini, mpigaji anapata sita. Kwa hivyo 22 ni kuchapwa kama burukenge.

Nikamuuliza ilikuaje. "Buda, nilikuwa najaribu vitu," akaniambia. Vitu gani sasa? Kumbe alikuwa ameamua kuonyesha boli tano tofauti kwa hiyo ova moja, zote za TikTok. Yoka, bansa, slowa, kata, na moja hata jina haina. Ya sita alikuwa amechoka kuaibika, akarusha ile yake ya kila siku. Hiyo ndio pekee mpigaji hakuigusa.

Anaishi flat moja hapa Lavington, si mbali na uwanja wa Jaffery, na tangu hiyo siku tumekuwa tukipiga mazoezi jioni kwa pakingi ya hiyo flat. Mimi si kocha. Mimi ni msee aliyeacha chuo semista ya tatu, nikabaki na muda mwingi wa kusoma kriketi badala ya uhasibu. Lakini hii mambo ya mrushaji mdogo kuongeza boli mpya nimeichimba, maze, na iko na utamu wake.

Tuanze na kwa nini boli moja haitoshi. Pichi ya kriketi ina urefu wa mita 20.12, lakini kutoka mstari wa mrushaji hadi mstari wa mpigaji ni kama mita 17.7. Boli ya kilomita 120 kwa saa inamaliza huo umbali kwa sekunde 0.53 hivi, tukiacha ile spidi inayopotea ikidunda. Punguza hadi 100, inachukua kama sekunde 0.64. Tofauti ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inakaa kitu kidogo, si ndio? Lakini mpigaji ameshaamua, bati imeshaanza kushuka, na boli bado haijafika. Anakata hewa, ama anaigusa mapema inapaa juu na mtu anaidaka akicheka.

Sasa ukirusha spidi moja siku nzima, mpigaji anazoea. Kufika boli ya tatu, ya nne, ameshaseti saa yake na yako. Hapo hata ukiwa na nguvu unamsaidia tu, kwa sababu boli ikija kwa nguvu inatoka kwa bati kwa nguvu.

Wasee wa besiboli wanaelewa hii kitu sana. Tafuta mwisho wa fainali ya World Baseball Classic ya 2023 kule Miami. Shohei Ohtani wa Japani anamrushia Mike Trout wa Marekani, na hao wawili wakati huo walikuwa wanacheza timu moja, Angels. Ohtani alimpa boli za moja kwa moja za karibu kilomita 160 kwa saa, kisha ya mwisho akamwachilia swipa, ile boli inayoteleza kando, ikiwa kwa spidi ya 140 hivi. Trout akakata hewa, Japani ikabeba kombe 3-2. Watu wakasambaza hiyo swipa dunia nzima. Zile za 160 zilizokuja kwanza hazikuongelewa sana, na ndizo zilimuuza Trout.

Hapo ndipo cousin yangu alipotelea. Boli ya kudanganya inadanganya tu kama kuna boli nyingine mpigaji ameshaiamini. Ukianza na uongo, hakuna mtu umedanganya. Ni wewe tu unaruka ruka.

Na boli ya kila siku si ya kudharau. Ile boli ya Shane Warne kwa Mike Gatting, Old Trafford, Juni 1993, ile watu huita boli ya karne, haikuwa siri yoyote ya ajabu. Ilikuwa legi-spini yake ya kawaida, na ilikuwa boli yake ya kwanza kabisa kwa mechi za Ashes. Ilidunda nje ya miguu ya Gatting, ikakata kuelekea upande wa pili, ikang'oa juu ya stampu. Warne alikuwa na boli zingine kwa mfuko, lakini hiyo ya msingi ndiyo aliifanya ikawa noma.

Hata hapa kwetu tuko na ushahidi, na si wa mbali. Februari 24, 2003, Nairobi Gymkhana, Kombe la Dunia. Kenya walikuwa wamepata mikimbio 210, na Sri Lanka walikuwa na watu kama Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara. Collins Obuya, chali wa miaka 21 ambaye kabla ya hapo alikuwa anauza nyanya, akaja na legi-spini yake. Ova 10, mikimbio 24, wiketi 5. Hao watatu niliowataja wote walienda na yeye. Sri Lanka wakaisha na 157, na Kenya wakaendelea hadi nusu fainali. Kama ulizaliwa baada ya hapo, pole, kuna sherehe ilikupita.

Kwa nini legi-spini inasumbua hivyo? Kwa sababu mchanganyiko umo ndani yake. Kifundo cha mkono kikikaa hivi, boli inadunda na kumkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Ukikigeuza kidogo, boli inaenda moja kwa moja na kuruka juu zaidi, hiyo ni topu-spini. Ukikigeuza kabisa hadi mgongo wa mkono umwangalie mpigaji, inaingia ndani, na hiyo ndio googli. Mkono ni ule ule, mbio ni zile zile, lakini boli tatu zinaelekea njia tatu.

Mwezi uliofuata, Machi, ukaja upande mwingine wa stori. Durban, Machi 15, Kenya na Australia, wale Australia wa kuogopwa. Aasif Karim alikuwa na miaka 39 na alikuwa ameitwa kutoka kwa kustaafu. Spini ya mkono wa kushoto, hakuna maajabu, mahali pale pale, boli baada ya boli, akibadilisha tu kidogo spidi na urefu. Akamtoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Hesabu yake ilikuwa ova 8.2, na katika hizo 6 hakutoa hata mkimbio mmoja. Kwa jumla mikimbio 7, wiketi 3. Australia walishinda lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim. Cousin yangu nilipomwonyesha hiyo alisema "huyu mzee hafanyi kitu." Nikamwambia aangalie tena.

Sawa, sasa uko na boli yako ya msingi. Utajuaje iko tayari? Mimi natumia kipimo cha kienyeji: weka gazeti chini pale boli inafaa kudunda, rusha 12, na kama 8 hazigusi gazeti, TikTok isubiri. Zikigusa, ongeza moja. Nimesema moja.

Kama wewe ni wa spidi, ningeanza na ile slowa ya kukata. Unashika boli kama kawaida, mshono ukiwa wima, lakini wakati wa kuachilia vidole vinashuka kando ya boli kama mtu anafungua kitasa cha mlango. Nguvu nyingine inaenda kwa kuzungusha boli badala ya kuisukuma, kwa hivyo mkono unakuja kwa kasi ile ile na boli inatoka polepole. Hapo kwa kasi ya mkono ndipo kila kitu kiko. Wengi wakitaka boli ipungue wanapunguza mkono, ama wanapunguza mbio, na mpigaji anaona barua kabla haijaandikwa. Chukua simu, iweke pale mpigaji anasimama, jirekodi boli ya kawaida na slowa, kisha mpe mtu ambaye hajui kriketi aseme ni gani. Mathe wa cousin yangu aligundua slowa yake mara kumi kwa kumi. Alikuwa anatoa ulimi.

Ile slowa nzuri kuliko zote nimeona ni ya Jasprit Bumrah kwa Shaun Marsh, Melbourne, Desemba 2018. Boli ya mwisho kabla ya lunch. Bumrah alikuwa amempiga Marsh na spidi asubuhi nzima, kisha Rohit Sharma akamshauri ajaribu ya polepole. Ikashuka kama jani, ikatua miguuni, Marsh akabaki amesimama hajui kimempata nini. Bumrah alimaliza hiyo inning na wiketi 6 kwa mikimbio 33.

Ya pili ni yoka, ile inayotua kwa viatu vya mpigaji. Lasith Malinga alijijengea jina nayo, na mazoezi yake yalikuwa kuweka viatu chini na kuvilenga. Machi 2007, Guyana, alitoa watu wanne wa Afrika Kusini kwa boli nne mfululizo. Bumrah naye alijifunza ndani ya nyumba akiwa mtoto. Mamake alikuwa hataki kelele mchana akipumzika, kwa hivyo jamaa akagundua boli ikigonga pale sakafu inakutana na ukuta haipigi kelele. Wewe unayelia ati Nairobi hakuna viwanja, hiyo ni yako. Ukikosa boli ya ngozi, chukua boli ya tenisi uifunge tepu ya umeme upande mmoja, itaanza kupinda hewani kama iko na akili yake.

Kama wewe ni wa spini, usikimbilie googli. Najua inavutia. Lakini wako wengi wameizoea hadi kifundo cha mkono kikasahau njia ya kurudi, na ile legi-spini yao ya kawaida ikapotea. Anza na topu-spini, imo katikati ya njia. Na kuna mambo ya kiwiko: sheria inakuruhusu kukinyoosha hadi digrii 15 tu wakati wa kurusha. Saeed Ajmal wa Pakistan alitegemea dusra, yaani "ile nyingine" kwa Kiurdu, na Septemba 2014 alipopimwa akasimamishwa kwa sababu kiwiko kilipita. Alikuwa kati ya warushaji wakali zaidi duniani, na hakurudi kuwa yule.

Sasa kitu kinachonipa wasiwasi kuliko 22. Juzi cousin yangu aliniambia mgongo unamuuma pale chini, upande mmoja. Alisema ni kawaida. Si kawaida. Warushaji wa spidi walio kwa umri wa kukua hupata ufa kwa mifupa ya mgongo wa chini, na anayelazimisha anaweza kukaa nje miezi. Uingereza kwa miaka mingi mrushaji wa spidi wa chini ya miaka 15 amewekewa mwisho wa ova 6 mfululizo na 12 kwa siku. Besiboli ya Marekani nao wanahesabu: mtoto wa miaka 11 au 12 mwisho ni boli 85 kwa siku, wa 15 na 16 ni 95, na lazima apumzike. Boli mpya inadanganya hapa, kwa sababu ukijifunza kitu unasahau kuhesabu. Sisi kwa pakingi tulikuwa tunarusha mia na zaidi kila jioni, na hakuna aliyeuliza. Hiyo ni makosa yangu.

Collins Obuya baada ya 2003 alipata mkataba Warwickshire, Uingereza. Goti likamsumbua, na ile legi-spini ya Gymkhana haikurudi tena vile ilivyokuwa. Yeye aligeuka kuwa mpigaji, akapiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia kwa Kombe la Dunia 2011, na akacheza hadi 2024 akiwa na miaka 42. Hiyo ni roho ngumu. Lakini mimi bado nawaza ule mrushaji alikuwa anaelekea wapi.

Cousin yangu ameenda kuonwa na daktari. Ameambiwa apumzike wiki tatu na asirushe kitu chochote. Sasa anakaa kwa ngazi za flat na boli mkononi, anafanya tu ile ya vidole kushuka kando, bila kuiachilia. Viatu vya babake bado viko kwa pakingi pale tuliviweka, na soldier wa gate ameniuliza mara mbili kama tumevitupa.