Semina ya kishikwambi ikiwekwa saa mbaya, mtoto ndiye anayeumia

Ni saa nane na nusu mchana, kengele ya kutoka imeshalia. Mwalimu wa shule ya msingi amesimama darasani tangu asubuhi, madaftari yamerundikana mezani yakisubiri kusahihishwa, na nyumbani kuna mtoto mchanga anayetaka kunyonya. Hapo ndipo anaambiwa abaki kwa semina ya kutumia kishikwambi. Atabaki na atasaini mahudhurio, lakini mengi ya atakayofundishwa hayatafika darasani.

Hali hiyo inamhusu mzazi moja kwa moja. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilikabidhiwa kwa walimu. Mwaka 2024 mtaala ulioboreshwa ukaanza kutumika. Mafunzo nayo yapo: kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (Mewaka), walimu hukutana shuleni kwao na kujifunza pamoja. Kinachosumbua ni muda wa kukaa.

Uchovu na kusahau

Mtu aliyechoka hupoteza umakini na hushika jambo jipya kwa shida. Usingizi nao una kazi yake, kwani ndio unaousaidia ubongo kuhifadhi yaliyofundishwa mchana. Mtu mzima anahitaji walau saa saba kwa usiku, hivyo masomo ya kwenye simu yanayoendelea hadi usiku wa manane humnyima mwalimu kile kinachomsaidia kukumbuka.

Tangu mwaka 1885, mtafiti wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kuwa mambo mengi tunayojifunza husahaulika ndani ya siku moja tu, tusipoyarudia. Ndiyo maana semina ya siku tatu mfululizo wakati wa likizo ya Desemba, bila marudio, huwa imeshafifia shule zinapofunguliwa Januari.

Wakati upi unafaa?

Kila muda una gharama yake. Mafunzo ya saa za vipindi huacha darasa bila mwalimu. Ya Jumamosi humwondoa mzazi mwenzako kwa watoto wake. Ya Septemba huangukia kwenye mtihani wa darasa la saba, na ya Novemba kwenye mtihani wa kidato cha nne.

Kwa mama anayenyonyesha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya mtoto. Ratiba ya mafunzo isizimeze saa hizo.

Njia yenye nafuu ni vipindi vifupi, vya dakika 40 hadi saa moja, mara moja kwa wiki, siku inayojulikana mapema na ambayo walimu wana vipindi vichache. Kila kipindi kifundishe jambo moja ambalo mwalimu atalitumia wiki hiyohiyo, mfano kuonyesha picha za somo la sayansi. Wiki inayofuata waanze kwa kurudia lile la kwanza. Likizo ya Juni ibaki kwa mambo makubwa, na walimu wapate siku za kutosha za kupumzika.

Mzazi afanye nini?

Katika kikao kijacho cha wazazi, muulize mwalimu mkuu mambo matatu: mafunzo ya walimu hufanyika siku gani, nani anakaa na watoto wakati huo, na je, walimu hupewa chakula wanapobaki mchana? Ikiwa siku hiyo watoto watatoka mapema, omba mzazi ajulishwe wiki moja kabla, ili mtoto wa darasa la kwanza asikute mlango wa nyumbani umefungwa.