Honi kwenye lango la maumivu

Swali limetoka Gungu, Kigoma, na limekuja kwa wakati wake: kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, je, bima itamlipia mgonjwa wa mgongo kile kimashine cha betri, chenye nyaya na vibandiko, ambacho wataalamu wa fiziotherapia hutumia kupunguza maumivu? Jibu langu ni kwamba inafaa ilipie, ila kwa sharti moja: isilipie safari za mgonjwa kwenda hospitali kuwekewa umeme, ilipie kimashine kiende naye nyumbani. Sababu ya sharti hilo imo ndani ya uti wa mgongo.

Kwanza jina. Mtaani utasikia mashine ya shoti, jina linalotisha bure, maana shoti ni hitilafu ya nyaya na hapa hakuna hitilafu. Kituliza neva lingependeza, lakini si kweli: neva haitulizwi, inachokozwa. Basi, kwa mfano wa kipimajoto, mimi nakiita kichokoza neva, na asiyependa alete lake.

Umeme wa kupambana na maumivu ni wa kale. Scribonius Largus, tabibu wa Roma wa karne ya 1, alimshauri mwenye jongo amkanyage taa wa umeme, samaki wa baharini, mpaka mguu ufe ganzi. Ziwa Tanganyika nalo lina kambare wake wa umeme, Malapterurus tanganyikaensis, asiyepatikana kwingine duniani. Simshauri mtu amkanyage. Kilichokosekana kwa karne nyingi ni maelezo. Ngozi hupeleka habari kwa nyuzi za aina mbalimbali. Nyuzi nene, zinazobeba mguso, hupeleka habari kwa kasi ya mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Nyembamba kabisa, zinazobeba yale maumivu ya kuuma polepole, hujikokota kwa mita 2 au chini yake. Zote hukutana kwenye pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, na hapo, waliandika Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965, pana lango. Chukulia lango la stendi kama ya Masanga. Nyuzi nene ni bodaboda. Nyembamba ni mikokoteni iliyosheheni madumu ya mawese. Mlinzi amekaa kando ya kizuizi. Mikokoteni ikifika, wasukumaji humsalimia, humshika kwa gumzo, naye husahau kizuizi kikiwa juu. Shehena yote inaingia na ubongo unapokea maumivu. Lakini bodaboda zikipita mfululizo zikipiga honi, mlinzi hazubai: anainuka, anashusha kizuizi, na mkokoteni unabaki nje na mawese yake. Ndiyo maana aliyejigonga goti hulisugua kabla hajafikiri, anaita bodaboda. Kichokoza neva huziita bila mkono, kwa mapigo mafupi ya umeme, pengine 100 kwa sekunde, dhaifu kiasi cha kuziamsha nyuzi nene na kuziacha nyembamba zimelala. Na honi zikinyamaza, mlinzi hurudi kwenye gumzo. Mwaka 1967 Wall na William Sweet walijaribu kwa wagonjwa 8: umeme ulipokuwa ukipita, kubonyeza pale palipokuwa pakiuma hakukuleta maumivu, na 4 kati yao walipata nafuu iliyozidi nusu saa baada ya umeme wa dakika 2. Mgonjwa wa Gungu huenda akafika nyumbani kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni angali na nafuu yake. Wa Kalya, anayerudi kwa boti, nafuu itamwisha safari ikiwa mbichi.

Anayepinga ana hoja nzito. Juni 2012 Medicare, bima ya umma ya wazee wa Marekani, iliacha kulipia kifaa hiki kwa maumivu sugu ya kiuno, isipokuwa ndani ya utafiti. Mwaka 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza ikaelekeza wenye maumivu ya kiuno wasipewe. Lakini tazama kilichokuwa kikiulizwa. Utafiti wa Richard Deyo na wenzake wa mwaka 1990, ambao wapinzani huuegemea sana, ulitaka kujua mgonjwa yukoje baada ya wiki 4. Hilo ni swali la dawa inayoponya, na lango haliponyi kitu. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliyokusanya tafiti 381, nyingi ndogo, yaliuliza swali linalolingana na lango: maumivu yakoje umeme unapopita au mara tu baada yake? Yalikuwa yamepungua.

Litabaki suala la fedha. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa ikichangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na kitita kipya cha NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kilipoanza Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama kwa sababu ya bei. Hapo ndipo hoja yangu inapata nguvu: kifaa cha kuazima hakilipiwi upya kwa kila safari ya hospitali. NHIF tayari hulipia fiziotherapia, miwani na vifaa saidizi. Kichokoza neva kihesabiwe pamoja na magongo, kisihesabiwe pamoja na sindano. Mgonjwa aazimwe kwa mwezi mmoja. Akipata nafuu abaki nacho, asipopata kiende kwa mwingine. Kwa maumivu sugu mengine Medicare yenyewe hulipia kukodi kwanza, mwezi mmoja hadi miwili, kabla ya kununua. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asiguse kabla ya kumwona daktari, wala mtu asibandike mbele ya shingo. Kitakachowasumbua wahasibu si kimashine bali vibandiko: gundi yake hukauka, umeme ukaanza kuchoma ngozi badala ya kuchezea neva, na hivyo havifai kuazimana. Kanuni itakayotaja kifaa bila kutaja vibandiko vyake vya kila mwezi itakuwa imelipia betri na nyaya tu.