Homa haifukuzwi kwa jasho

Swali linaloulizwa kila msimu wa homa katika visiwa vya Lamu ni hili: mgonjwa afukizwe mara ngapi kwa majani ya mwarobaini, na afunikwe blanketi ngapi, ili jasho limtoke na homa imwache? Swali hilo limejengwa juu ya dhana potofu kwamba jasho ndilo liponyalo homa. Ubongo ndio unaopanga kiwango cha joto la mwili. Maradhi yanapokipandisha, mwili hutetemeka ili ujipashe moto, na kinaporudi chini ndipo jasho hutoka, kwa hiyo jasho ni dalili ya kushuka kwa homa, wala si sababu yake. Mvuke wa sufuria chini ya blanketi, katika hewa ya pwani ambamo jasho halikauki upesi, hauondoi joto bali huliongeza, na humpotezea mgonjwa maji anayoyahitaji. Kwamba wengi hupata nafuu baada ya kufukizwa hakuthibitishi lolote, kwa kuwa homa hupanda na kushuka yenyewe, na mfukizaji anayejitwalia sifa hiyo ni sawa na nahodha anayejigamba kwamba ndiye aliyeamuru maji yapwe.

Kwa walio wengi kosa hilo huishia katika uchovu. Kwa wachache huweza kuua. Hao ni wenye ugonjwa wa Brugada, hitilafu ya umeme wa moyo, mara nyingi ya kurithi, iliyoelezwa mwaka 1992 na madaktari ndugu, Pedro na Josep Brugada. Katika baadhi yao kasoro imo kwenye jeni iitwayo SCN5A, inayotengeneza vijia vya kupitishia sodiamu ndani ya seli za moyo. Joto linapopanda, vijia hivyo hushindwa zaidi kufanya kazi, na moyo ambao umbo lake ni zima huweza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu.

Mtu wa namna hiyo, mara nyingi mwanamume, huzimia ghafla kisha huzinduka upesi akiwa na fahamu zake, tofauti na mwenye malaria ya ubongo ambaye hubaki hajitambui. Au hutweta na kukoroma vibaya usingizini, na jamaa zake wakasema amekabwa na jinamizi. Kusema kila homa ni malaria nako hakusaidii, kwani mwaka 2004 homa ya chikungunya ilienea kisiwani Lamu hata ikakadiriwa kuwa watu watatu kati ya wanne waliambukizwa.

La kufanya ni hili: parasetamoli itolewe mapema kwa kipimo sahihi, mgonjwa avikwe nguo nyepesi na anywe maji, malaria ipimwe na itibiwe. Aliyezimia, awe Faza au Kizingitini, avushwe kwa boti siku hiyohiyo akapimwe umeme wa moyo, maana alama ya ugonjwa huweza kutoweka homa ikishuka. Parasetamoli isicheleweshwe kwa ajili hiyo. Ndugu wa damu nao wapimwe, hasa palipotokea kifo cha ghafla cha kijana. Aliyethibitishwa huepushwa na dawa zinazochochea hitilafu hiyo, na aliye hatarini zaidi hupandikizwa kifaa cha kuushtua moyo au hupewa dawa ya kwinidini. Na aliyewahi kuzimia kwa homa asifukizwe tena kamwe.