Paka Mwenye Maradhi ya Kudumu: Huduma Yake, Twahara ya Nyumba na Hukumu ya Kumuua

SWALI:

Mimi ni mkazi wa Songea, nina paka wa miaka 11. Tangu mwaka jana anakonda, anatapika, anakunywa maji mengi na anakojoa ovyo, hata mkeka wa kuswalia haukusalimika. Afisa mifugo amesema ni figo na hatopona. Mume wangu anashauri tumwondolee maji usiku. Jirani anasema tukamwache sokoni, kule mabaki ya samaki hayakosekani. Mwingine anasema achomwe sindano afe apumzike. Nifuate lipi? Na Swalah zangu zikoje?

JIBU:

AlhamduliLlaah, Swalaah na salaam zimwendee Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Dada yetu, tuanze na hilo la maji, kwa sababu ndilo lenye hatari ya haraka. Msimwondolee maji, si usiku wala mchana. Figo nzima huchuja uchafu wa damu na kurudisha maji mengi mwilini, mkojo ukatoka kidogo na mzito. Figo zikichakaa hushindwa kuyarudisha, mkojo ukawa mwingi na mwepesi. Basi paka hakojoi sana kwa kuwa anakunywa sana. Anakunywa sana kwa kuwa anakojoa sana na mwili unafidia kilichopotea. Ukimnyima maji, mkojo utaendelea kutoka, yeye atakauka, na sumu iliyokuwa ikitolewa na maji hayo itabaki kwenye damu. Anaweza kufa kwa siku chache, naye alikuwa na uwezo wa kuishi miezi, pengine miaka.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Hadiyth ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, iliyopokewa na Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) na kuthibiti katika Al-Bukhaariy na Muslim, wengi tunaikumbuka kama Hadiyth ya chakula tu. Lakini kosa la yule mwanamke lilikuwa na pande mbili: alimfungia asimlishe wala kumnywesha, na wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Kumfungia paka mgonjwa ndani bila maji ni lile lile, hata kama nia ni kulinda mkeka.

Huenda jirani yako akasema kwamba kumpeleka sokoni ndiko kumwachia ajitafutie. Hapana. Kuachiwa kunamfaa mnyama anayeweza kujitafutia. Paka wa miaka 11, aliyezoea kulishwa kwa mkono na sasa hana nguvu ya kukamata hata panya wa kwenye ghala la mahindi, ukimtupa sokoni penye mbwa na pikipiki umempeleka kufa mbali na macho yako. Tena Songea ya Juni na Julai baridi yake mnaijua, na paka aliyebaki mifupa haiwezi. Fuqahaa wamesema mwenye mnyama huwajibika kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Aliye chini ya mkono wako ni amana yako. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama amtunze.

Ama matibabu, hayo ni kwa kadiri ya uwezo. Huwajibiki kukopa, seuze mkopo wa riba, wala kupunguza chakula cha watoto ili kumsafirisha paka hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ukiwa na uwezo na ukafanya, ni ihsani, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amefundisha kuwa kumhudumia kila kiumbe chenye uhai kuna ujira. Zakaah haitolewi kwa ajili hiyo kwani wanaostahiki ni wale wanane waliotajwa katika Suwrat At-Tawbah. Swadaqah ya kawaida haina tatizo.

Na mengi yenye manufaa hayahitaji fedha nyingi. Weka bakuli mbili tatu za maji safi sehemu mbalimbali. Mpe chakula laini chenye majimaji, kidogo kidogo mara nyingi. Usipa wa Ziwa Nyasa tunaoletewa kutoka Mbamba Bay ni kitoweo kizuri kwetu, lakini wakikaushwa kwa chumvi hawamfai, na hata wasio na chumvi wasiwe ndio chakula chake cha kila siku: huliwa na mifupa yake, nayo mifupa ina fosforasi nyingi ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa. Afadhali minofu ya samaki au kuku aliyechemshwa bila chumvi, wala vitunguu, kwani vitunguu huharibu damu ya paka. Asiachwe siku mbili tatu bila kula. Ini nalo litaingia matatani. Muulize afisa mifugo au daktari wa mifugo kuhusu dripu ya chini ya ngozi. Wengi hufundishwa wakaifanya wenyewe nyumbani, na paka aliyekauka hupata nafuu kubwa.

Jambo moja tunalisisitiza: usimpe dawa za maumivu za watu. Panadol, hata nusu kidonge, huweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja kama ini la mtu. Diclofenac na ibuprofen humalizia figo zilizobaki. Wapo waliomuua paka wao kwa huruma namna hii.

Tuje kwenye twahara. Paka mwenyewe si najisi. Abu Qataadah (Radhwiya Allaahu 'anhu) alimwinamishia paka chombo cha maji ya wudhuu akanywa, na mkwewe Kabshah alipostaajabu akamweleza kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Wameipokea Abu Daawuwd, At-Tirmidhiy na wengineo. Kwa hiyo mate yake, jasho lake na kukulalia mapajani havikuharibii kitu. Lakini mkojo, kinyesi na matapishi yake ni najisi, na ugonjwa haubadilishi hukumu hiyo. Manyoya yanayodondoka, katika madhehebu ya Shaafi'iy, ni najisi lakini machache husamehewa, hasa kwa anayeishi naye. Wengine wanasema ni twahara. Usijitie wasiwasi kwa unyoya mmoja wa kwenye khanga.

Mkeka ukikojolewa, kausha kwanza kwa kitambaa, kisha mimina maji yaenee pote palipopata mkojo mpaka rangi na harufu viondoke. Sabuni ni nzuri ila maji ndiyo yanayotwaharisha. Kuanika juani peke yake hakutoshi kwa Shaafi'iy. Lililo jepesi zaidi ni kuukunja mkeka na kuuweka juu kila baada ya Swalah, kuwa na nguo maalumu ya kuswalia, na kumwekea paka beseni la mchanga karibu na anapolala, kwani mara nyingi hukojoa ovyo kwa kuwa hawahi kufika mbali.

Ukimaliza kuswali ndipo ukagundua mkojo uliokuwepo, Wanachuoni wamekhitalifiana. Katika kauli yenye nguvu kwa Shaafi'iy utairudia. Wengine wanasema haurudii, kwa dalili ya Hadiyth ya Abu Sa'iyd (Radhwiya Allaahu 'anhu) kuhusu viatu ambavyo Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alivivua ndani ya Swalah na akaendelea bila kuanza upya. Kwa mwenye mtihani wa kila siku kama wako, tunaona kauli hii ya pili ina wepesi na dalili yake iko wazi.

Limebaki la sindano. Vitabu vya Shaafi'iy vinakataza kumuua mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha, na mfano wanaoutaja ni punda aliyelemaa. Baadhi ya Wanachuoni wa zama zetu, akiwemo Shaykh Ibn 'Uthaymiyn (Rahimahu Allaah), wamejuzisha pale ambapo hakuna tamaa ya kupona. Tunaloliona ni kuwa maadamu paka wako anakula, anajilamba na anakufuata jikoni, hakuna sababu ya kumuua. Kuchoka kwetu kufua si dhara yake. Akifikia hali ya kutokula kabisa, kutoinuka na kulia kwa maumivu, na mtaalamu akathibitisha, atakayefuata kauli ya ruhusa hatumlaumu. Lakini ifanywe na daktari wa mifugo, alazwe kwanza kwa dawa ya usingizi. Si kwa sumu ya panya, si kumzamisha, si kumtia kwenye kiroba na kumpiga. Katika Hadiyth ya Shaddaad bin Aws (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyoko kwa Muslim tumeamrishwa wema hata katika kuua.

Akifa, mfukie kwa kina ili mbwa wasimfukue. Hakuna ibada maalumu juu yake. Na ukilia, au watoto wakalia, hakuna ubaya: Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimliwaza mtoto Abu 'Umayr alipofiwa na kindege chake, wala hakumkemea.

Na Allaah Anajua zaidi.