Lamine N'Diaye, Mfungaji Aliyegeuka Mwalimu

Ukiwauliza vijana wa shule zetu ni nani aliyeishinda Internacional ya Brazil kule Abu Dhabi mwaka wa 2010, watakujibu upesi: Kabangu na Kaluyituka. Wataongeza na jina la Kidiaba, mlinda mlango aliyeshangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi chini, hata ulimwengu wote ukacheka pamoja naye. Majibu hayo ni ya haki. Lakini pembeni ya uwanja ule alisimama mtu mmoja ambaye hakugusa mpira hata mara moja, na jina lake halitajwi sana katika maongezi yetu. Ni Lamine N'Diaye, Msenegali, mwalimu wa Mazembe. Twapenda leo kusimulia habari zake.

N'Diaye alizaliwa mwaka wa 1956 mjini Thiès. Sisi wa Kamina twaweza kuuelewa mji huo bila kuuona, kwa maana nao ni mji wa reli: njia za treni hukutana pale, na karakana za reli ndizo zilizoukuza. Baadaye alivuka bahari akaenda Ufaransa, akachezea timu za Orléans, Cannes na Mulhouse. Alikuwa mchezaji wa mbele, na kazi yake ilikuwa kufunga mabao. Hatutadai kwamba alikuwa nyota wa kutetemesha Ulaya. Alikuwa fundi aliyekula kwa jasho lake, katika nchi ya baridi, mbele ya mabeki waliolipwa ili wamzuie.

Yafaa tuangalie kidogo kazi ya mfungaji ilivyo. Kati ya wachezaji kumi na mmoja yeye ndiye anayesamehewa mengi. Aweza kuzurura dakika themanini bila faida yoyote. Akifunga bao moja, watu humbeba mabegani. Mambo ya mwalimu ni kinyume. Timu ikishinda mara sita na kushindwa ya saba, watu humkumbuka kwa hiyo ya saba. Tena kuna neno gumu zaidi. Mfungaji akiona nafasi huitumia kwa mguu wake mwenyewe. Mwalimu huiona nafasi ileile, pengine mapema zaidi, lakini hana budi kutulia na kungojea mguu wa mtu mwingine. Wafungaji hodari wengi waliojaribu kufundisha wameshindwa hapo. (Sisi tunaofundisha shuleni twalijua jaribu hilo: kumnyang'anya mtoto chaki na kuandika jibu wenyewe.)

N'Diaye alijifunza uvumilivu huo huko Garoua, kaskazini ya Kameruni, alipofundisha Coton Sport, klabu ya nchi ya pamba. Katika miaka yake huko, klabu hiyo ilikuwa bingwa wa Kameruni, wala si mara moja tu. Ndipo nchi yake ikamwita, na hapo akaonja uchungu.

Senegal ilikuwa imewashangaza watu wote mwaka wa 2002, ilipowashinda Wafaransa katika Kombe la Dunia na kufika robo fainali. Tangu siku hiyo watu wa Dakar walidai ushindi kama deni. Mwezi wa Januari 2008, mashindano ya Kombe la Afrika yakiendelea huko Ghana, mwalimu mkuu Henri Kasperczak, mtu wa Polandi, aliacha kazi kabla ya mchezo wa mwisho wa kundi. N'Diaye, aliyekuwa msaidizi wake, akapokea timu iliyokwisha kuvunjika moyo. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule, Senegal ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Gambia, jirani yao mdogo, mbele ya watu wake mwenyewe mjini Dakar. Sare hiyo iliwafungia mlango wa Kombe la Dunia na wa Kombe la Afrika la mwaka wa 2010. Watazamaji wakafanya ghasia, wakavunja na kuharibu. N'Diaye akafukuzwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja Lubumbashi mwezi wa Septemba 2010. Klabu aliyoikuta haikuwa changa. Ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadre Wabenedikto, katika chuo cha Mtakatifu Bonifasi huko Elisabethville, nayo iliitwa Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi, na mwishowe Mazembe. Mwaka wa 1967 na wa 1968 ilikuwa bingwa wa Afrika. Wazee wetu waliozoea kufuata habari hizo kwa redio hawajazisahau. Baada ya hapo ilipita miaka zaidi ya arobaini kabla ya kombe lile kurudi Katanga, mwaka wa 2009, chini ya mwalimu Diego Garzitto.

Basi N'Diaye alikabidhiwa shamba lililokwisha limwa nusu na mtu mwingine, tena msimu ukiwa katikati. Na jembe lililo kali kuliko yote halikuwapo. Trésor Mputu, mshambuliaji aliyependwa kuliko wote, alikuwa amefungiwa na FIFA miezi kumi na miwili kwa sababu ya vurugu juu ya mwamuzi huko Kigali mwezi wa Mei. Wengi walisema Mazembe bila Mputu ni gari bila injini. Hapo yule mfungaji wa zamani akafanya kazi ya mwalimu: mabao yaliyongojewa kwa mtu mmoja akayatafuta kwa watu wengi. Tarehe 31 Oktoba Espérance ya Tunis ilifungwa mabao 5 kwa 0 mjini Lubumbashi. Katika mchezo wa marudiano huko Tunisia, Mazembe ilipata sare ya 1 kwa 1, na kombe likabaki nyumbani.

Mwezi wa Desemba wakaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Vilabu. Bedi Mbenza alifunga bao pekee dhidi ya Pachuca ya Meksiko. Tarehe 14 Internacional, bingwa wa Amerika ya Kusini, ilifungwa mabao 2 kwa 0. Kabla ya siku ile, fainali hiyo ilikuwa ya Ulaya na Amerika ya Kusini tu. Hakuna klabu ya bara jingine iliyopata kuifikia. Haut-Lomami wakati huo ilikuwa bado sehemu ya jimbo moja la Katanga, nasi tuliihesabu furaha ile kuwa yetu kama vile watu wa Lubumbashi.

Tarehe 18 Inter ya Milano ilishinda mabao 3 kwa 0. Pandev na Eto'o walifunga mapema, na Biabiany akamaliza karibu na mwisho. Hakuna aibu kushindwa na mabingwa wa Ulaya. Aibu ilitokea kwetu. Mwamuzi alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura. Basi baadhi ya watu wa Lubumbashi, wakiwa na hasira, wakashambulia maduka ya Wachina, kana kwamba mtu yeyote wa Asia ndiye aliyepuliza filimbi. Mfanyabiashara aliyekuwa akiuza viatu siku ile alikuwa na kosa gani? N'Diaye alikuwa ameona ghasia za Dakar miaka miwili nyuma, akaja kwetu, na ghasia zikamfuata. Lakini safari hii hawakumfukuza yeye. Twasema wazi kwamba wale waliovunja maduka hawakuwa wapenzi wa Mazembe, hata kama walivaa rangi zake nyeusi na nyeupe.

Mwaka uliofuata ulileta pigo la namna nyingine. Mazembe iliitoa Simba ya Dar es Salaam katika Kombe la Mabingwa, lakini Simba ikashitaki kwamba mchezaji Janvier Besala Bokungu hakuwa na ruhusa ya kucheza. Mwezi wa Mei 2011 wakuu wa mpira wa Afrika wakakubali shitaka hilo, na bingwa akaondolewa mashindanoni. Kazi ya miezi mingi uwanjani ilipotea kwa sababu ya karatasi. Kwa maoni yetu, mambo ya karatasi ni ya ofisi. Lakini anayebaki na kikosi kisicho na mchezo wa kucheza ni mwalimu.

N'Diaye hakukimbia. Mwaka wa 2012 aliifikisha Mazembe nusu fainali ya Afrika, ambapo Espérance ililipa kisasi kwa bao moja. Mwaka wa 2013 Mfaransa Patrice Carteron alichukua nafasi yake, akashinda kombe la Afrika mwaka wa 2015. N'Diaye akafundisha mahali pengine, kama Horoya ya Guinea, ambako pia alipata ubingwa. Halafu Mazembe, baada ya miaka ya ukame, ikamwita tena. Mwezi wa Aprili 2024 alikuwa nayo katika nusu fainali ya Afrika mbele ya Al Ahly ya Misri: sare ya 0 kwa 0 Lubumbashi, kisha kushindwa 3 kwa 0 Cairo. Mwaka huohuo klabu ilitwaa ubingwa wa Kongo. Yeye alikuwa na umri wa miaka 67, na vijana wengi aliowapanga uwanjani walikuwa bado hawajazaliwa alipoacha kufunga mabao huko Ufaransa.