Je, Wajua? Joan Hickson, Nyota wa Miaka 78

Alipata umaarufu umri wa kulea vitukuu

Mwigizaji Joan Hickson alizaliwa Kingsthorpe, Northampton, Uingereza, Agosti 1906, na nafasi kubwa kuliko zote maishani mwake ilimfikia akiwa na miaka 78. Tarehe 26 Desemba 1984, BBC ilianza kuonyesha *The Body in the Library*, naye akiwa Miss Marple, ajuza wa kijijini anayewaumbua wauaji. Ilipofika Desemba 1992 alikuwa amekwisha kuigiza riwaya zote 12 za Miss Marple, tena yuko mbele ya kamera na miaka yake 86! Ni kama beki aliyecheza misimu 50 bila jina lake kutajwa redioni, kisha akapewa jezi ya mshambuliaji na kufunga mabao 12 mfululizo.

Agatha Christie alimwona kabla ya wote

Mtu wa kwanza kumtabiria Hickson nafasi hiyo ni yule yule aliyemtunga Miss Marple, mwandishi Agatha Christie. Mwaka 1945, tamthilia ya Christie iitwayo *Appointment with Death* ilikuwa jukwaani London, na Hickson alikuwamo katika nafasi ndogo tu. Inasimuliwa kwamba Christie alimwandikia barua fupi, akimwambia anatumaini siku moja atamwigiza Miss Marple wake mpenzi.

Hebu fikiria: Hickson alikuwa hajafikisha hata miaka 40, na Miss Marple ni bibi mwenye mvi. Christie aliona nini? Mimi naamini aliona namna mwigizaji huyu alivyojua kusikiliza. Wengi jukwaani hungoja tu zamu yao ya kusema. Hickson alimsikiliza mwenzake kana kwamba kila neno ni ushahidi. Christie alifariki Januari 1976, takriban miaka tisa kabla ya utabiri wake kutimia, kwa hiyo hakuwahi kuiona kazi hiyo hata mara moja.

Walianza mwaka mmoja

Hickson alipanda jukwaani kikazi kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Hadithi fupi ya kwanza ya Miss Marple ilichapishwa mwaka huo huo, 1927. Mwigizaji na mhusika wake waliishi sambamba kwa miaka 57 ndipo wakakutana.

Alikuwa mtumishi katika kesi aliyokuja kuitatua mwenyewe

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mwaka 1961 ilitoka filamu ya *Murder, She Said*, iliyotokana na riwaya ya Christie *4.50 from Paddington*. Miss Marple aliigizwa na Margaret Rutherford, nyota mkubwa wa wakati huo. Na yule Bi Kidder, mtumishi wa nyumbani anayepita pita na kazi zake? Joan Hickson! Mwaka 1987 BBC ilipoigiza riwaya hiyo hiyo, aliyekuwa mtumishi ndiye sasa mpelelezi.

Ukizitazama kazi hizo mbili moja baada ya nyingine, utaona tofauti kubwa kati ya waigizaji hao wawili. Rutherford alikuwa mwenye mwili, mwenye vituko, anayejaa kila chumba anachoingia. Hickson alikuwa mwembamba, mtulivu, na ufumaji wake mapajani, macho ya samawati iliyopauka yakizunguka taratibu. Watu husahau kwamba yupo, wanaropoka mbele yake, na hapo ndipo wanaponaswa. Christie alimwandika hivyo hivyo: mzee ambaye kila mtu anamdharau, hadi anapofungua kinywa.

Tuzo ya Tony, kwa kula dagaa kitandani

Mwaka 1979, akiwa na miaka 72, Hickson alitwaa Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani. Katika tamthilia ya *Bedroom Farce* ya Alan Ayckbourn aliigiza Delia, mke wa siku nyingi ambaye furaha yake na mumewe ni kujifunika blanketi na kula mikate yenye samaki wa kopo. Michael Gough, aliyeigiza mumewe, naye alishinda Tony mwaka huo huo. Kitanda kimoja, tuzo mbili!

Nesi, mlevi, mke wa mtu

Kabla ya Miss Marple, Waingereza walikuwa wamemwona Hickson mara nyingi bila kumjua jina. Katika filamu za vichekesho za *Carry On* pekee alitokea mara tano. *Carry On Nurse* ya 1959 ilimpa nafasi ya nesi mkuu wa wodi. Mwaka mmoja baadaye, katika *Carry On Constable*, akawa bibi mlevi mikononi mwa polisi. Kazi kama hizo hazimpi mtu jina, lakini zilimfundisha kumjenga mtu mzima, mwenye maisha yake, ndani ya dakika mbili au tatu. Ndiyo maana alipopewa saa nzima hakupoteza hata dakika.

Malkia alikuwa shabiki

Mwaka 1987 Hickson alitunukiwa nishani ya OBE. Inasemekana Malkia Elizabeth II alimwambia kwamba anamwigiza Miss Marple kama vile msomaji anavyomwona akilini.

Kijiji kisicho kwenye ramani

St Mary Mead, kijiji cha Miss Marple, hakipo popote. Kamera zilikwenda Nether Wallop, kijiji halisi cha Hampshire, ambako nyumba za kale na bustani zake zilitosha kabisa. Hickson mwenyewe aliishi miaka 40 Wivenhoe, mji mdogo wa kando ya mto katika jimbo la Essex, umbali mfupi kutoka Colchester, alikofariki Oktoba 1998 akiwa na miaka 92.

Na wasiobahatika kumwona kwenye televisheni wanaweza kumsikia: alirekodi vitabu vya Miss Marple kwa sauti yake mwenyewe, akiwasoma wahusika wote, wauaji wakiwemo.