Onyo la Uongo Angani na Sikio Linalochoka

Asubuhi ya tarehe 1 Machi 2025, marubani wa ndege kadhaa zilizokuwa zikikaribia kutua katika Uwanja wa Ndege wa Reagan, jijini Washington, walionywa na mitambo yao kwamba kuna ndege nyingine karibu mno. Ndege hiyo haikuwapo. Baadhi yao walikatiza kutua, wakapaa tena. Tarehe 29 Januari mwaka huohuo, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana karibu na uwanja huo, wakafariki watu 67. Hivyo hapakuwa na rubani ambaye angepuuza onyo la namna hiyo. Baadaye ilielezwa katika Seneti ya Marekani kwamba maonyo hayo yalisababishwa na majaribio ya vifaa vya kukabiliana na droni.

Mimi ni daktari wa wagonjwa mahututi, wala sijawahi kuongoza ndege. Hata hivyo, tatizo la marubani wale nalifahamu, kwa kuwa nafanya kazi katikati ya mashine zinazolia usiku na mchana.

Chombo cha kuepusha migongano hakina macho. Takriban mara moja kila sekunde hutuma mawimbi ya redio kuziuliza ndege zilizo jirani, nazo hujibu kupitia kifaa kiitwacho transponda, zikitaja mwinuko wao. Kwa kupima muda wa jibu kurudi, chombo hukadiria umbali na sekunde zilizobaki kabla ya kukutana. Kwanza hutoa tahadhari, ili marubani waitafute ndege hiyo kwa macho. Hatari ikizidi, hutoa amri: panda, au shuka. Udhaifu wake ni kwamba huamini kila linalojibiwa. Transponda inayojaribiwa na mafundi ardhini, ikijibu kana kwamba iko angani, au mawimbi yanayoingilia masafa yale yale, huweza kuzaa ndege isiyokuwapo.

Rubani anayepewa amri hutarajiwa kuanza kuitekeleza ndani ya sekunde 5, hata kama mwongoza ndege aliye ardhini anasema vinginevyo. Ubishi huachwa kwa baadaye. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, ndege ya abiria kutoka Urusi na ndege ya mizigo zilikuwa zikikaribiana. Mwongoza ndege aliwaagiza marubani wa ndege ya abiria washuke. Chombo chao kikawaamuru wapande. Walimtii mtu. Ndege ya mizigo ilitii chombo chake, nacho kilikuwa kimeiamuru ishuke. Zikagongana, wakafariki watu 71, wengi wao watoto waliokuwa wakienda likizo. Baada ya ajali hiyo kanuni za kimataifa ziliwekwa wazi zaidi: amri ya chombo hutangulia.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutii onyo la uongo hugharimu mafuta, dakika kadhaa, na pengine abiria asiyefunga mkanda akaumia. Kutotii onyo la kweli hugharimu wote. Lakini hesabu hiyo hufaa kwa onyo la kwanza. La tano je? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao walichapisha utafiti wa marubani 30 walioketi katika mashine ya mazoezi na kupewa maonyo ya uongo mfululizo. Yaliporudiwa, wengi walipunguza uwezo wa chombo ili kisitoe amri tena. Siwalaumu. Huo si uzembe. Ndivyo ubongo ulivyoumbwa. Mshtuko wa kwanza huongeza mapigo ya moyo na kukaza misuli, lakini sauti inayorudiwa bila tukio huacha kushtua. Shida ni kwamba chombo kilichonyamazishwa hakisemi hata pale ndege ya kweli inapokuja.

Sasa turudi wodini. Mwaka 2013 Joint Commission, shirika la Marekani linalotoa ithibati kwa hospitali, lilitahadharisha kwamba asilimia 85 hadi 99 ya milio ya mashine za wagonjwa haihitaji hatua yoyote ya tiba. Lilikuwa pia limepokea taarifa 98 za matukio yanayohusu milio hiyo kati ya Januari 2009 na Juni 2012. Katika matukio 80 mgonjwa alifariki.

Ndugu wa wagonjwa huniuliza kwa nini muuguzi hakukimbia mashine ilipolia. Swali ni la haki. Mara nyingi kipimo cha oksijeni kimechomoka kidoleni, naye amekwisha kuliona hilo kwa mbali. Tafadhali usiinyamazishe mashine wewe mwenyewe. Mwite, hata kama ni mara ya kumi.

Tunachowazidiwa na marubani ni jambo moja. Rubani akipata onyo la uongo, huliripoti, na mafundi hutafuta chanzo. Sisi hubonyeza kitufe na kuendelea na zamu. Hospitalini kwetu mgonjwa mmoja alipungukiwa oksijeni kweli baada ya mlio wa uongo kuzimwa mara tatu. Alipona, lakini tulichelewa kumfikia. Tangu hapo tumeweka daftari kando ya kila kitanda: saa ya mlio, hali ya mgonjwa alipotazamwa, na sababu. Wiki ya kwanza tuligundua kwamba milio mingi ilitoka kwenye waya mmoja uliochakaa, kitanda cha nne. Fundi aliubadilisha kwa robo saa.